Msamaha Uliotutolea Bila Kutuuliza

Nyakabiga, Bujumbura
Tarehe 19 Septemba 2004

Mdogo wangu mpendwa Térence,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Epiphanie. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umevaa vizuri, maana naambiwa huko Ubelgiji baridi huanza kabla watu hawajamaliza kulalamikia joto. Kifua chako je? Kile kikohozi ulichotoka nacho seminari kilikwisha, au bado kinakuamsha? Sisi huku ni wazima. Goti la mama linamsumbua, mimi nina malaria yangu ile ya kuja na kuondoka kama mpangaji, na binti yangu Raïssa amefaulu mtihani wake. Milio ya bunduki upande wa milimani imepungua. Siku hizi tukisikia mmoja tunanyamaza kidogo, halafu tunaendelea kuchambua mchele.

Pokea na pongezi. Binamu yetu Consolate ametuletea habari kwamba wamekupa uprofesa kamili, tena jina lako limeandikwa mlangoni. Profesa wa teolojia ya siasa na falsafa ya dini. Nililitamka lote mbele ya kioo nikaona linajaza mdomo. Baba angekuwapo angevaa koti siku hiyo, hata kama ni kwa ajili ya kukaa sebuleni.

Utashangaa kuona nakuandikia Kiswahili, wakati siku zote tumeandikiana Kifaransa kama watoto wa mapadri. Nimefanya kusudi. Kiswahili ndicho tulichogombania nacho uani tulipokuwa wadogo, na leo nataka kugombana. Isitoshe, barua ya Kifaransa ungeikata vipande ukaitia chini ya ukurasa, ukaandika: mawasiliano binafsi na dada wa mwandishi. Hii ya leo utapata tabu kuwatafsiria wenzako.

Basi nianze na kitabu chako. Consolate alikileta mwezi wa tano, umekitia sahihi, umeandika "kwa familia yangu, chanzo cha yote". Nilikisoma chote, kalamu ya risasi mkononi. Usicheke. Unajua ni nani alikuwa wa kwanza katika somo la mantiki kwetu, na unajua ni nani alipewa nafasi ya kwenda kusoma kwa kuwa alikuwa mwanaume na askofu alimpenda. Mimi nafundisha falsafa wasichana wa sekondari, madirisha hayana vioo, lakini kusoma najua bado.

Unasema dola mpya baada ya vita haizaliwi na sheria wala na katiba. Inazaliwa siku ile mtu aliyeumizwa anapotoa msamaha hata kabla ya kuombwa. Unasema msamaha wa kweli hausubiri ungamo, kwamba ukisubiri ungamo umegeuka biashara. Sawa. Ni hoja safi, imepigwa pasi. Niliweka alama pembeni, na mahali fulani niliandika "vizuri", kwa wivu.

Halafu ukafika sura ya nne ukaleta ushahidi, na ushahidi wako ni mama yetu. Unasimulia jinsi yule aliyemuua baba alivyokuja mlangoni kwake, macho chini, na mama akamvutia kigoda, akampakulia maharage na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye sahani ya marehemu, akamwambia, kula, mwanangu. Ukurasa na nusu. Mpaka mvuke wa maharage umeuandika. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Térence, ulipoandika hayo mama hakuwa amemwona huyo Gélase uso kwa uso tangu wiki ile ya Oktoba 1993. Sahani ya baba hatuna. Tulitoka nyumbani kwetu Kinama miguu mitupu, mimi na Raïssa mgongoni, mama na Biblia na sufuria ambayo hata haikuwa yetu. Na neno hilo "mwanangu" mama halitoi ovyo, hata mimi nalipata kwa nadra. Nilipokupigia simu kukuuliza, ulinijibu kwa upole wako ule wa kanisani kwamba ni namna ya kusimulia, kwamba mama wa sura ya nne ni mama wa mfano. Mama wa mfano! Huyo basi ana bahati, goti halimwumi, na mume wake alizikwa.

Kama kitabu kingebaki huko kwenu ningenung'unika tu peke yangu jikoni. Watu wenu wangelia kidogo kwenye ukumbi wenye kapeti, wangekupa maji ya chupa, basi. Lakini kilikuja huku, na huku maneno yana kazi nyingine.

Nakukumbusha hali ilivyokuwa, maana naona umeisahau. Gélase alikuwa jirani yetu, seremala, akiimba besi katika kwaya pamoja na baba. Wiki ile, rais alipouawa na watu wakaanza kuwindana, yeye ndiye aliyetangulia mbele ya wale waliomtoa baba nyumbani, mwalimu mkuu mzima, na pajama. Mama aliona. Mwili hatukuupata. Kwa ajili hiyo mama alikataa kuganduka, yaani kumaliza kilio jinsi kwetu kinavyomalizwa, watu wakanywa, wakagawa vya marehemu na mjane akavaa tena rangi. Alisema hawezi kumaliza kumlilia mtu ambaye hajui kalala wapi. Miaka yote hii umemwona katika picha na nguo ile ile ya giza ukadhani ni uzee.

Mwaka jana, silaha ziliponyamaza kidogo, Gélase alirudi kutoka ukimbizini akajenga tena Kinama. Binti yake, Danielle, akapata mchumba wa familia nzuri. Watu wa mchumba wakauliza-uliza, wakaambiwa pale kuna damu. Wakasema: tengenezeni kwanza na yule mjane, ndipo tutakuja kuposa. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, Gélase alikuwa anatuhitaji.

Mzee Darius, yule mkubwa wa bashingantahe, wazee wetu wa kusuluhisha, akawa anakwenda na kurudi kati ya Kinama na Nyakabiga, fimbo mkononi, jasho shingoni. Wakakubaliana hivi: Gélase aoneshe mahali alipo baba, mbele ya watu. Akishaonesha, mama atapokea mtungi wake wa pombe, na neno litakwisha. Ungesema ni biashara. Ndiyo, ni biashara. Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, na Gélase alikuwa na kimoja tu. Walipanga baada ya sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane. Mama alishanunua sanda, akaificha kabatini chini ya mashuka, na nilimsikia anaimba akiosha vyombo.

Ndipo padri Révérien wa Kinama, mtu mwema anayeamini kila kilichochapishwa Ulaya, alipopata nakala ya sura ya nne kwa Consolate. Akaigeuza Kirundi, akaisoma baada ya misa, kwenye mkutano wa amani, kanisa limejaa. Gélase alikuwa ndani. Alikaa akajisikiliza akila maharage.

Sasa sikia jambo ambalo wewe, pamoja na digrii zako, hukulifikiria. Mwaka ule wa 94, ulipokuja likizo kutoka seminari, wazee walikukalisha kwenye kigoda wakakupa fimbo ya baba mbele ya ukoo. Ulicheka, ukaomba upigwe picha. Ile haikuwa picha, Térence. Siku ile uliingia nafasi ya baba, na aliye katika nafasi ya baba akisema ugomvi umekwisha, umekwisha. Mwanamke hawezi kuufungua tena, hata awe amekuzaa. Wewe unayeandika juu ya mamlaka mwaka mzima hukujua kwamba unayo. Ulisamehe kwa ajili yetu, mbele ya kanisa zima, na ulikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Wiki ile ile Gélase alimwambia Mzee Darius kwamba hakuna tena cha kuonesha. Nikapanda basi dogo nikaenda Kinama kumwona.

Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa anapiga randa mlango. Akafuta kiti kwa mkono wake, akanitafutia soda.

"Dada, mi sina ubishi na nyinyi," alisema. "Mwanaume wa nyumba alishasema. Padri alisoma, watu wote walisikia."

"Gélase, ulikula wapi maharage ya mama?"

"Mi sikusema nilikula. Ni yeye alisema. We unataka nimuite profeseri muongo?"

Nikamwambia hatutaki pombe yake wala magoti yake, atuoneshe mahali tu, tumzike mtu wetu. Alitazama mlango wake, akapuliza vumbi la mbao.

"Nikionesha pale, nitakuwa mutu aliyeua. Leo niko mutu aliyesamehewa. Ingekuwa ni we, ungechagua nini?"

Njia nzima ya kurudi niliitafuta kasoro katika hoja yake nisiione, kwa sababu ni hoja yako. Msamaha hausubiri ungamo. Seremala wa Kinama amekuelewa kuliko wanafunzi wako wote, tena bila kukesha usiku kwa ajili ya tanbihi. Umempa bure kile ambacho mama alikuwa akiuza kwa mifupa ya baba.

Wazee walikaa. Wakasema dawa ni moja: mwenye neno alimeze neno lake mwenyewe, watu wakimsikia. Hapo ndipo tulipokupigia simu, na najua simu hiyo unaikumbuka, ila unaikumbuka nusu.

Tulikuwa dukani kwa Sleiman, yule wa vitambaa, ambaye babu yake alitoka Omani, kwa kuwa simu yake ina kipaza sauti. Wazee wamekaa juu ya marobota ya vitenge. Mama amekaa kwenye kiti cha Sleiman mwenyewe, mkoba magotini. Mzee Darius alikusalimia vizuri, akakuuliza hali ya watoto wako, akakuambia, "Mwanangu, sema tu hivi: nilisema bila mama, narudisha neno. Basi, tutakuacha uende kazini." Neno dogo. Mtoto wa darasa la kwanza angelisema.

Wewe ukauliza kwanza ni nani mwingine anasikiliza. Halafu ukaanza. Ulisema msamaha ni zawadi, na zawadi ikirudishwa haikuwa zawadi toka mwanzo. Ulisema sauti ya mhanga si mali ya mhanga peke yake. Sauti yako nzuri, Térence, inajaza duka zima, na wale wazee wanaitikia kwa heshima bila kuelewa. Mzee Darius akauliza mara ya pili. Ndipo ukasema kwamba kitabu kiko mbele ya watu wanaoamua juu ya uprofesa wako, na kwamba ikisikika shahidi wa sura ya nne amejitoa... hukumaliza sentensi. Ukasema, "Munielewe na mi."

Tulikuelewa. Hata Sleiman alikuelewa, akaanza kupanga vifungo vya mashati kwenye kopo.

Ulimwandikia Consolate kwamba laini ilikatika. Haikukatika. Mama alimuuliza Sleiman ni wapi simu inapozimwa, Sleiman akamwonesha kitufe, mama akakibonyeza kwa kidole gumba. Halafu akawaambia wazee, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi:

"Nilikuwa na mutoto mumoja mwanaume. Nimemusikia anakufa."

"Astaghfirullah, mama, usiseme vile," Sleiman akasema. Mama alimshukuru kwa simu, akamwomba amkatie kitambaa cha kilio.

Mimi nilidhani ni hasira, zitapoa na chai. Asubuhi nilimkuta amenyoa kichwa, ametandika mkeka sebuleni, na majirani wameshaanza kuingia. Sisi wa Nyakabiga vita vimetuzoeza kwenda matangani bila kuuliza sana. Walikuja na kuni, walikuja na mchele, wakakaa. Mmoja akauliza marehemu alikufa na nini. Mama akajibu, "Na simu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Padri Révérien alikuja mbio kutoka Kinama, akamwambia kumlilia mtu aliye hai ni dhambi kubwa. Mama akamwambia, "Padri, we si ndiye ulisoma kitabu cha marehemu? Basi umufanyie na misa." Padri aliondoka bila kunywa hata maji.

Na jina lako amelitoa. Ulipozaliwa watu waliacha kumwita kwa jina langu wakamwita Mama Térence, na nilikaa na kidonda hicho utoto wangu wote. Sasa ukimwita hivyo haitiki. Sokoni wanamwita Mama Epiphanie. Nimelipata jina langu, na sijui nilifanyie nini.

Usifikiri sikukutetea. Niligombana naye mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia Térence si mbaya, ni mwoga, na ameishi kati ya vitabu mpaka anadhani watu nao ni karatasi. Alinisikiliza. "Najua," akasema. "Nilimuzaa mi. Lakini niko na watu wawili. Mumoja iko na nyumba, iko na kazi, iko na jina kwenye mulango. Mwingine hata shimo lake hatulijui. Siwezi kuwachukua wote wawili. Nitamuchukua ule ambaye hana kitu." Nikaenda kusaidia kupika kwa ajili ya wageni wa msiba wako.

Mama alijua alichofanya. Wazee walikutana, Mzee Darius akatangaza kwamba aliyekuwa katika nafasi ya baba amekwisha kuliliwa na mama yake, nafasi iko wazi, na neno alilolitoa halina tena mdomo wa kulisimamia. Msamaha umerudi nyumbani. Siku hiyo hiyo watu wa mchumba walisimamisha posa.

Gélase alijaribu. Alisema wewe u hai, ana ushahidi, jina lako liko mlangoni Ubelgiji. Wazee wakamwambia akakuzae yeye. Aliyemshinda mwishowe ni Danielle. Alimwambia baba yake, watu wanasikia, kwamba haolewi na mtu yeyote mpaka aoneshwe alipo yule mwalimu aliyemfundisha kusoma. Gélase akaja mwenyewe kwa Mzee Darius, koleo begani.

Ni choo, Térence. Kile choo cha zamani nyuma ya shule, baba alichokichimbisha mwenyewe alipokuwa mwalimu mkuu, cha wavulana. Walikifukia, majani yakaota, na watoto wa sasa walikuwa wanapigia mpira juu yake. Gélase alichimba, na vijana wa mtaa wakamsaidia. Tulimtambua baba kwa kile chuma cha mguu alichowekewa baada ya ajali ya pikipiki. Chini yake kulikuwa na wengine. Ikabidi watu wapite mitaani kuita jamaa zao, na mama mmoja alikuja kutoka Mutanga Nord na viatu visivyolingana, kimoja cheusi kimoja chekundu, kwa haraka. Mama yetu alikifuta kile chuma kwa kitenge chake mpaka kikang'aa. Hakulia. Alikuwa amekwisha lia kwa ajili yako.

Tulimzika Jumamosi iliyopita, mchana, jua kali. Nakuja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike, maana hayo mengine hata Consolate angekueleza.

Sanduku liliposhushwa, Mzee Darius aliuliza ni nani anayetupa udongo wa kwanza kwa niaba ya nyumba. Unajua ni wa nani udongo ule. Ni wa mtoto wa kiume, na pasipo yeye, ndugu za marehemu, na ndugu za baba wote walikwisha katika vita hivi hivi. Mimi nikasogea, nikainama nichote. Mzee Darius hakunizuia. Ni mama aliyenishika mkono.

Gélase alikuwa amesimama mbali na kaburi, na koleo lake, kwa kuwa ndiye aliyechimba na hilo pia. Mama akamwita kwa jina. Ndiyo mara ya kwanza kusemeshana naye tangu baba atolewe nyumbani, si ile uliyoiandika wewe. Akamwambia:

"Marehemu mutoto wangu alikuwa na rafiki mumoja tu hapa. Ni we. Alikusamehe wakati sisi wote hatujasema kitu. Njoo utupe kwa jina lake."

Gélase alipiga magoti. Alisema, "Mama, apana. Munipige. Muniue, lakini ile apana." Alilia kweli, kamasi na machozi, mtu mzima, na Danielle kando yake ameficha uso. Mama alisubiri. Hakumgombeza wala hakumbembeleza, alisimama tu na upara wake juani. Mwisho yule mtu alichota udongo kwa mikono yake miwili, akasema jina lako, Térence, kwa sauti, jinsi inavyotakiwa, akautupa.

Hivyo baba yetu alipokea udongo wake wa kwanza kutoka mikono ile ile iliyomtoa kitandani, na juu yake lilitajwa jina lako. Nimeona mengi katika vita hivi, na mengine niliyala na chakula nikalala. Hili halishuki.

Umeandika kwamba siku kama hiyo ndipo dola huzaliwa. Niliangalia huku na huku nione. Niliona watu wanakung'uta viatu na kutafuta kivuli. Gélase alirudi Kinama peke yake, kwa miguu, na posa ya binti yake itafanyika mwezi ujao. Mama alipokea mtungi wake, akanywa kidogo kama walivyoahidiana. Kaganduka. Jana amevaa kitenge cha manjano, na hakimpendezi.

Sasa nakuomba jambo moja, na nakuomba kama dada aliyekubeba mgongoni. Nakujua. Umefika hapa na mkono wako umeshaanza kutafuta kalamu. Unaona jinsi mama alivyomwita, unaona magoti, unaona upara juani, na unafikiri sura hii itakuwa nzuri kuliko ya nne. Itakuwa nzuri sana. Usiiandike. Ukiiandika, mimi mwenyewe nitanyoa kichwa, na mimi sina mtu wa kumtafuta shimoni. Nitakuwa nimekuzika wewe tu.

Wala usipande ndege kuja. Sikukatazi kwa ukali. Nakuambia tu kwamba ukibisha hodi, mama atafungua mlango na kumwuliza mgeni anatafuta nani, na mimi nitakuwa jikoni, sitatoka.

Raïssa anakusalimu. Anauliza kama ni lazima afute jina lako pale alipoliandika kama msimamizi wake wa ubatizo, nimemwambia aache. Consolate anakusalimu kwa siri. Sleiman anakuombea kila Ijumaa, anasema kwao hakuna matanga ya mtu aliye hai, kwa hiyo yeye hayumo. Mzee Darius hakutuma kitu.

Mama sikumwambia kwamba nakuandikia. Amenikuta sasa hivi mezani akauliza barua ni ya nani. Nimemwambia ni ya profesa mmoja wa Ubelgiji. Amesimama hapo mlangoni, mkono kwenye goti, amesema, "Umuulize kama iko na mama."

Basi nakuuliza.

Mungu akupe usingizi, akuponye kifua, na akuweke mbali na watu wanaokusifu.

Ni mimi ninayekupenda hata baada ya kukatazwa,
dada yako,
Epiphanie